Yowe la Bibi

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Igogo, kwenye duka lililotazamana na nyumba yetu. Mchana kweupe, mimi na bibi tukinunua mafuta, wanaume wawili waliingia na panga, wakamlaza mwenye duka juu ya magunia ya sukari.

“Bibi, nyamaza,” mmoja alisema.

Lakini kijijini kwa bibi, yowe likipigwa kila mwanamume hutoka na fimbo. Asiyetoka hulipishwa ng'ombe. Bibi akaubana mkono wangu, akapiga yowe. Panga likasita. Wezi wenyewe wakageukia mtaani, wakisubiri watu.

Tukasikia makomeo yakifungwa, nyumba baada ya nyumba. La mwisho lilikwaruza kwa kutu. Nililijua, na bibi alilijua. Mle ndani alikuwemo baba, mwanawe.