Mjinga wa Toleo Kongwe

Sisi tunaojitolea kufungasha programu moja ya bure ya kuhifadhi data, watu waipakue na kuitumia, tunatunza matoleo matano kwa pamoja. Hata wake mwisho wanne! Na kila toleo lina kisirani chake. Juzi wenzangu wakauliza kwa barua pepe kama tuliache lile kongwe. Nikawaka: "Lizikwe! Mjinga gani bado analitumia?" Hakuna aliyebisha, nikaliondoa mwenyewe.

Kesho yake nikapita Mlandege, dukani kwa shangazi yangu anayeuza vitambaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ile programu uliyonitilia kwenye kompyuta haijanisumbua hata siku moja. Mungu akuweke."

Nikachungulia namba ya toleo: lile lile kongwe nililoliondoa.

Nikawaandikia wenzangu kwamba yule mjinga nimempata. Ndiye anayewaandikia.