Firigisi na Kibao cha Mwalimu

Juzi redio ya jirani ilitangaza kwamba waheshimiwa Bungeni sasa wanaweza kubishana kwa Kiswahili. Rafiki yangu, nilicheka mpaka chai ikanitokea puani! Mama alidhani kidato cha tatu kimeniharibu kichwa. Kumbe nilikuwa nimerudi darasa la tano, kule Mutuini, kwenye harufu ya chaki na viazi vitamu tulivyoficha mifukoni.

Mwalimu wetu alitoka magharibi, sauti nene, tai fupi. Alitufundisha neno moja la Kiingereza wiki nzima: disagree. Alisema ni neno la kumpinga mtu bila kumtukana. Unaweza ku-disagree na rafiki, na hata maharagwe yanaweza ku-disagree na tumbo lako. Lakini mtu akipinga, lazima aseme because na atoe sababu. "Bila because," alinguruma, "wewe ni debe tupu!" Tulilipenda neno hilo kupita kiasi. Nyanya aliponituma maji, nilimwambia I disagree. Kofi lake halikuwa na because.

Sasa, shuleni kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukiponyokwa na Kiswahili au lugha ya nyumbani, unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwingine aliyeacha Kiingereza. Ijumaa moja tulikuwa twende mjini kuona Bunge, na atakayekuwa na kibao saa nne angebaki kuosha vyoo. Saa tatu u nusu kilikuwa shingoni mwangu. Mimi, niliyekuwa nimepiga viatu rangi tangu Jumatano!

Nikamchokoza binti wa jirani, tuliyekaa naye dawati moja. Nikamwambia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, ng'ombe wao amekonda kama baiskeli. "I disagree," akasema taratibu, na because yake ilikuwa kwamba kwetu hakuna hata mbuzi, kwa hiyo sina ujuzi. Nikamkanyaga kidole. Akameza chozi, akanipinga tena kwa Kiingereza. Mtoto yule alikuwa ukuta!

Dakika tano zikabaki. Nikanyoosha mkono, nikamweleza Mwalimu, kwa Kiingereza vilevile, kwamba kwetu kuku akichinjwa firigisi hupewa mtoto, baba anatafuna shingo. Uongo mtupu.

Mwalimu aliruka kitini. "Wacha upuuzi, wewe! Firigisi ni ya mzee! Nani alikufunza hiyo?"

Kiswahili kitupu! Nikavua kibao, nikakipeleka mezani. Akakitazama kibao, akaitazama fimbo yake, akakitazama kibao tena. Kisha akainamisha kichwa, nikamvisha.

"Vyoo nitaosha Jumatatu," akasema. "Twendeni!"

Alizunguka nacho mjini kutwa. Mlangoni mwa Bunge askari akauliza, "Mwalimu, hicho ni cheo gani?"

"Nimepinga kwa Kiswahili," akajibu, kifua mbele.

Na Jumatatu aliosha kweli, suruali imekunjwa, sisi tukichungulia uani.

Darasa lile la mbao limebomolewa, Mwalimu alihamishwa, na huku sekondari ukimpinga mwalimu unatumwa nyumbani kuleta mzazi. Laiti ningejua aliko, ningemwandikia leo hii: Mwalimu, umelitangulia Bunge zima! Ila kuhusu firigisi, samahani, bado I disagree, because Krismasi iliyopita niliiba ya baba nikaionja.