Aleluya Niliyoianzisha Kwaresima

Du. Kimya. Halafu du nyingine, ya mpiga ngoma ambaye mkono wake ulishashuka kabla hajajua kwamba tumeacha kuimba. Naisikia mpaka leo, na nikiwasimulia msinicheke sana, maana aibu yenyewe nilijitakia.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka kutoka Kongo, na Mama Sifa, aliyekuwa anauza dagaa wa kukaanga pale Katonga, ufukweni upande wetu wa ziwa, akafiwa na mumewe. Alivuka naye ziwa akiwa tayari mgonjwa, akamuuguza peke yake, na sikuwahi kumsikia akilalamika (mimi nikiumwa jino tu mtaa mzima unajua). Akanifuata nyumbani kwa kuwa naimba kwaya, akasema, "Mwanangu, bwana yangu asiende kimya kama mtu hana kwao."

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amesafiri, lakini katekista alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ningemwuliza tu. Sasa mimi na ndoto zangu za kuongoza kwaya, nikamjibu niachie mimi, mama. Wimbo wa kumtoa marehemu kanisani nikautafuta ulio mtamu kuliko zote, wa Pasaka, wenye aleluya nne kila kiitikio, na wenzangu sikuwaambia, nilitaka wafurahi ghafla.

Kumbe ilikuwa Kwaresima, wakati ambao sisi Wakatoliki neno aleluya hatuliimbi mpaka Pasaka ifike, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua, na sanamu zote mbele yangu zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau, rangi ya Kwaresima, nami nimevitazama misa nzima nikiona vimependeza. Jeneza likainuliwa, nikampa mpiga ngoma ishara, nikaanzisha. Ubeti ukapita salama. Kwenye aleluya nikabaki peke yangu, nikadhani wenzangu wamesahau, basi nikapandisha sauti, nikawapungia mikono yote miwili waitikie, na wao wanatazama viatu vyao. Padri akainua kiganja. Du. Kimya. Du. Wabebaji wakasimama katikati ya kanisa, hawajui waende au warudi, na Vero wa sauti ya pili akaninong'oneza, "Mwenzetu kaiona Pasaka peke yake."

Sikumwogopa padri. Niliogopa kwamba marehemu sasa anatoka kimya kweli, na ni mimi niliyemnyamazisha.

Ndipo Mama Sifa, pale nyuma ya jeneza, akaanzisha mwenyewe wimbo wa taratibu wa Kibembe, lugha ya kwao, bila ngoma, sauti haitetemeki, na akina mama wa ng'ambo wakamwitikia kutoka kila benchi, jeneza likasogea. Mfiwa ndiye aliyetuimbia sisi wanakwaya.

Makaburini nilimpigia magoti kumwomba radhi, nikamweleza yote mpaka maneno ya Vero. Akaniinua.

"Mwambie hukuwa peke yako," akasema. "Mulikuwa wawili na bwana yangu."

Tangu hapo sichagui hata wimbo wa sadaka bila kuuliza (na kutazama rangi ya vitambaa). Na Jumatatu ya Pasaka, bila kumwambia mtu, nilikwenda makaburini, nikasimama karibu na msalaba wa mbao wa marehemu, nikaumalizia ule wimbo, aleluya zote nne.