Rakaa za Mzee Shedli

Munjia alikuwa sokoni akichagua shamari simu ilipolia. Ni Widadi, binti yake.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo kwenye mboga. Muulize babu yako, leo anataka supu au maharage?"

"Rudi nyumbani, mama. Babu ametutoka."

Munjia alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akazirudisha shamari mahali pake. Muuza mboga alielewa bila kuambiwa, akazima redio yake.

Mzee Shedli, baba yake Munjia, alizaliwa Halfawin, mjini Tunis, na kwa miaka hamsini na miwili alitengeneza shashia, zile kofia nyekundu za sufi. Kazi yake hasa ilikuwa kuzichana kwa mbigili kavu mpaka zilainike kama shavu la mtoto. Hakupata utajiri, wala hakugombana na jirani. Kisha ugonjwa wa usahaulifu ukamwingia. Ulianza na majina ya wateja, ukafuata njia ya dukani, mwisho akawa anauliza kila asubuhi kama mkewe amesharudi kutoka kuoga hamamu, naye mama wa watu alikuwa kaburini mwaka wa tisa.

Hayo yote hayakumsumbua. Kilichomtoa machozi ni rakaa.

"Munjia! Nimeswali ngapi?"

"Sijui, baba. Nilikuwa jikoni."

"Basi nitakutana na Mola wangu na adhuhuri nusunusu."

Akaanza upya, na tena upya, mpaka siku moja alasiri ikamkuta bado yuko kwenye adhuhuri, magoti yamevimba. Imamu alikuja kumweleza kwamba mgonjwa wa namna yake ana udhuru. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote. Imamu alipoondoka, mzee akasema, "Kijana mzuri. Lakini shashia yake ya tohara nilimtengenezea mimi, leo anifundishe swala?"

Widadi alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uhandisi, akitafuta jambo la kufanyia utafiti. Darasani kwao walikuwa na miwani inayoandika maneno hewani, mbele ya macho ya aliyeivaa. Akaifanya iandike idadi ya rakaa. Mzee aliivaa, akasujudu, miwani ikagonga mkeka na kumrukia sikioni.

"Widadi, kuna mtu anaandika ukutani kwetu," alisema. "Mwambie babu yako anaswali."

Miwani ikawekwa kando. Widadi akaunda mkanda wa kitambaa wa kutikisika kidogo kila rakaa inapoanza. Mkononi ulikuwa ukiteleza, kwa hiyo akaushikiza ndani ya juba, begani. Adhuhuri ile mkanda ulipotikisika mara ya kwanza, mzee aliyekuwa akinong'ona alipaza sauti ghafla: "Allahu Akbar!" Munjia karibu aangushe sufuria. Mzee akaswali rakaa nne zilizonyooka, akatoa salamu, akageuka.

"Yuko wapi aliyenifuata?"

Hapo ndipo walipoelewa. Anayechelewa akimkuta mwenzake anaswali peke yake, humgusa bega ajue kwamba sasa ana maamuma. Mzee alidhani amekuwa imamu.

Widadi hakulala kwa kutaka kujua. Aliufanya mkanda utikisike mara moja tu, mwanzoni, akaandika matokeo kwa wiki tatu. Katika adhuhuri ishirini na moja, kumi na tisa zilitimia.

"Mama, kuhesabu hawezi. Lakini akijua kuna mtu nyuma yake, hakosei! Kwa nini?"

"Mimi najua kwamba unamdanganya babu yako mbele ya Mungu," Munjia alisema. "Nyuma yake hakuna mtu."

"Nizime?"

Munjia alifikiri, akazima jiko badala yake. Tangu siku ile, mkanda ukitikisika yeye alikuwa amekwisha simama nyuma ya baba yake, ushungi kichwani.

"Ah, ni wewe," mzee alikuwa akisema baada ya salamu. "Umechelewa."

"Vitunguu, baba."

Chuoni mwalimu alimuuliza Widadi kinachofanya kazi ni kifaa au ni mama yake. Akajibu kwamba bado hajui, na ndilo analotaka kulichunguza.

Alfajiri ya siku aliyofariki, mzee aliswali rakaa mbili, Munjia nyuma yake. Zilitimia. Hakuuliza. Akajilaza, na Widadi alipompelekea kahawa saa tatu akamkuta amekwisha kwenda.

Wapwa zake walimwosha na kumkafini. Munjia alimbusu kwenye paji la uso, Widadi naye akambusu, kisha wanaume wakaingia na jeneza. Lilipovuka mlango wanawake walisimama uani wakisoma, wengine wakilia. Aliswaliwa baada ya alasiri, akazikwa makaburi ya Jalaz kando ya mkewe. Kesho yake asubuhi Munjia na Widadi walikwenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Wakasoma Yasini, wakamwagia maji, wakamwombea, wakarudi nyumbani.