Kidole Gumba cha Wifi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Brashi alikuwa akipaka watu rangi za kucha mlangoni kwake, na mikono yake haikuwahi kumwangusha. Siku hiyo aliikunja kifuani. Mbele yake, katika chumba cha wagonjwa mahututi, alilala wifi yake, mke wa kaka yake, bomba mdomoni na dripu tatu zikimshukia.

Muuguzi wa utafiti, binti mwenye miwani, alimweleza taratibu. Vijidudu vimeingia kwenye damu, presha imeanguka, na haijulikani vimepitia wapi, wanashuku kifua. Katika utafiti wao wanabonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, halafu wanahesabu sekunde mpaka damu irudi. Hesabu hiyo ndiyo inayowaambia waongeze dripu au wapunguze. Mume wa mgonjwa ameshaweka sahihi ya kukubali.

"Lakini kucha zenyewe za bandia, shangazi, zimeganda kama bati. Tumesoma miaka yote hiyo, gundi imetushinda," alisema muuguzi.

"Nilizibandika mimi," alisema Mama Brashi.

Akafunga pamba yenye dawa ya kuyeyusha gundi kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akasubiri, akabandua. Muuguzi akabonyeza, akahesabu. Sekunde saba. Mwenye afya hafiki nne.

"Kimoja kinatosha, shangazi. Asante sana, kapumzike."

Mama Brashi hakuinuka. Macho yalikuwa kwenye kidole gumba cha kushoto. Wiki iliyopita mkasi wake ulikula nyama pembeni ya kucha ile. Wifi akaruka: "Wewe, ndiyo unalipiza ile mboga niliyokunyima?" Wakacheka mpaka machozi. Mkasi ule ulikuwa umetoka kwa mteja mwingine, na kwa vile watu walikuwa wengi, hakuuchemsha. Siku tatu baadaye wifi, mwenye kisukari chake, alirudi kidole kimevimba na kinampwita. "Nifunikie tu, kinanitia aibu." Naye akafunika kwa kucha ya bandia.

Nje, kaka yake alikaa kwenye benchi, amekumbatia mkoba wa mkewe. Kaka huyo ndiye aliyemnunulia brashi za kwanza. Mama Brashi akitoka sasa hivi, hakuna atakayemuuliza kitu. Akainamisha kichwa, akamwomba Mungu amfungue mdomo.

"Mwanangu, bado hiki kidole gumba. Mwite daktari aone."

Daktari alipofika, Mama Brashi akaibandua, na kucha ilipoachia, usaha ukamwagika kwenye pamba. Daktari akauliza tangu lini. Mama Brashi akasema yote: mkasi, haraka, gundi. Hakujipunguzia hata kidogo. Daktari hakumgombeza, alipasua kidole, akatuma usaha maabara, akaagiza dawa nyingine.

Alipogeuka, kaka yake alikuwa mlangoni.

"Ulijua tangu jana tulipomleta?"

"Nilihisi tangu jana, kaka. Niliogopa."

Kaka akahamisha mkoba kutoka kwapa hili kwenda lile. Alimtazama kama anayetafuta mtu aliyemfahamu.

"Kaa hapo naye," alisema. "Usiondoke."

Akakaa, ameshika mkono ule wa kulia. Nusu saa ikapita, muuguzi akarudi kubonyeza, na safari hii Mama Brashi alihesabu naye, midomo ikicheza bila sauti.

"Sita," alisema muuguzi, akaandika.

Kaka akageuza uso ukutani. Mama Brashi akaendelea kuushika mkono, akingoja nusu saa nyingine.