Kidole Gumba cha Kinyozi

Kinyozi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, hakuwahi kumnyoa mtu kwa mashine. Mashine, alisema, inafyeka tu. Mkasi unasikiliza kichwa. Kwa miaka ishirini na sita kidole gumba chake cha kulia kiliingia kwenye pete ile ile ya chuma bila hata yeye kukitazama.

Ndiyo maana daktari wa upasuaji alipomwambia kwamba kidole hicho kitakatwa Jumatatu, Mkasi aliuliza neno moja tu: "Chote?"

"Chote, fundi. Heri kidole kuliko mkono."

Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo kama harage, mgumu, karibu na kiungo. Walikuwa wamekata kipande wakakipeleka maabara. Kwenye kadi yake iliandikwa: inashukiwa saratani. Muda wa uvimbe: mwaka mmoja.

Huo mwaka ulikuwa wa kutunga. Siku ya kwanza, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimnong'oneza kwenye foleni: "Ukisema wiki mbili utapewa vidonge vya maumivu urudi nyumbani. Sema mwaka." Karani akauliza, Mkasi akasema mwaka, akapitishwa mbele siku ile ile. Alifurahi kweli.

Ijumaa akaitwa na daktari wa maabara, mama mfupi ambaye wagonjwa huwa hawamwoni, maana kazi yake ni kushinda na darubini. Mezani palikuwa na vipande viwili vya kioo vyenye nyama ya kidole chake, nyembamba kuliko karatasi.

"Chembe zako zinanichanganya, baba," alisema. "Zinazaliana mbio kama za saratani, ila hazina sura mbovu ya saratani. Na kwa mbio hizi, mwaka mzima, leo ungekuwa umebeba chungwa. Una hakika ni mwaka?"

"Mwaka, daktari." Aliogopa kurudishwa nyumbani na vidonge.

Mama hakubishana. Aliutazama mkasi uliochungulia mfukoni mwa kinyozi. "Huo bado unaingia?"

"Uingie wapi! Tangu Jumanne ile ya mwezi uliopita, mlango wa duka uliponibana kidole, kesho kutwa yake tu pete ikaanza kugoma hapa..."

"Mwezi uliopita," alisema daktari.

"Mwezi uliopita," alikubali Mkasi. "Ule mwaka ni wa shemeji."

Daktari alicheka kidogo, akaandika. Kuna uvimbe, alieleza, unaoiga saratani mpaka kwenye darubini: huzuka ghafla, pengine baada ya kuumia, hukua mbio wiki chache, kisha huchoka na kunywea. Mwenzake wa maabara, aliyetazama vioo hivyo pia, naye alikuwa amehisi hivyo. Kilichowazuia wote wawili ni ule mwaka. Akampigia simu mpasuaji, na jina la Mkasi likafutwa kwenye orodha ya Jumatatu.

"Utakuja kila wiki tuupime. Njoo na mkasi."

Karani alipoisahihisha kadi, alimwonyesha benchi la nyuma. "Wa mwezi mmoja wanakaa kule, baba. Kunachelewa."

Mkasi akakaa kule, wiki baada ya wiki. Wiki ya sita, kabla hajaitwa, pete ya mkasi ilipita kiungo ikatulia mahali pake. Akafungua, akafunga. Jirani yake benchini alikuwa na ndevu za kutisha.

Mlinzi wa hospitali alipofika, lilikuwa limebaki shavu moja. Alimwambia amalize, halafu nywele azifagie mwenyewe.