Pikapu ya Mama Magunzi

Mama Magunzi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mashine. Kwa miaka mingi yeye na mumewe walizunguka shamba hadi shamba na mashine ya kupukuchua mahindi, pande zito la chuma lililofungwa juu ya tela, na kila walipoondoka waliacha nyuma kilima cha magunzi. Watoto wakiliona tela lile kwa mbali walipiga kelele, "Mama Magunzi huyo!" Mwanzoni alinuna. Baadaye alinunua rangi nyekundu akaliandika jina hilo ubavuni mwa mashine kwa mkono wake, akasema kama ni matusi, basi afadhali ayaandike mwenyewe, angalau herufi zitakuwa nzuri.

Mumewe aliitwa Sikio. Hilo halikuwa tusi, lilikuwa cheo. Aliendesha malori tangu ujana, na mtu yeyote mtaani aliyetaka kununua gari hakutoa hela mpaka Sikio alisikilize. Alisimama kando ya injini, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha kidogo, halafu akatoa hukumu: chukua, au achana nalo. Maelezo hakutoa. Mama Magunzi alimpenda mzee huyu kwa mambo mengi, na ile namna ya kuinamisha kichwa ilikuwa ya kwanza kabisa. Hakuwahi kumwambia, kwa sababu kichwa chenyewe kilikuwa kikubwa vya kutosha.

Sasa pikapu yao ya zamani ilikuwa imekufa. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilikatika, na fundi wa kuchomelea aliitazama, akatikisa kichwa, akawaambia wamwachie Mungu. Mavuno yalikuwa yanabisha hodi. Wakulima walishaanza kupiga simu, na mkulima hamsubiri mtu asiye na gari. Anamwita mwingine, na huyo mwingine akishakanyaga shambani, msimu ujao ndiye anayepigiwa kwanza. Akiba yao ilitosha kununua pikapu moja ya dizeli iliyotumika. Wakikosea kuchagua, mashine itabaki uani, kuku wataifanya kiota, na wao wawili wataanza kuomba vibarua uzeeni.

Kuchagua kungekuwa kazi ndogo kama isingekuwa jambo moja. Sikio alikuwa hasikii.

Hakuna aliyemnong'oneza Mama Magunzi. Alijionea mwenyewe. Birika lilipiga mluzi jikoni na mzee ameketi pale pale na gazeti lake, hana habari, mpaka maji yakakauka. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, unauita ukuta. Simu za wateja akaanza kumpa mkewe azipokee, eti sauti yake ni tamu. Sauti tamu! Mwanamke aliyezoea kupayuka kuushinda mngurumo wa mashine! Kulikuwa na siku alizoudhika hasa, akamlalamikia dada yake kwamba mwaka mzima sasa mume hamsikilizi, anamkodolea macho tu kama picha ukutani. Lakini kumwambia usoni kwamba masikio yamekwisha, hapana. Mtu anayeitwa Sikio unamwambiaje hivyo? Ni kumvua nguo sokoni.

Kilichomchanganya ni kwamba kwenye chuma mzee alikuwa bado hakosei. Msimu uliopita walikuwa barabarani, Mama Magunzi akasikia beringi ya tela imeanza kulia. Kabla hajafungua mdomo, mzee alishaegesha pembeni. "Beringi," alisema, akashuka na spana. Basi mama akajipa moyo kwamba labda masikio yale yamegoma kwa binadamu tu, kwa injini bado yako kazini. Wanaume wengine wameumbwa hivyo.

Siku ya kwenda yadi ya kuuzia magari walifika mapema, kabla mwenye yadi hajapata nafasi ya kupasha injini moto, maana injini iliyopashwa huficha uvivu wake wa kuwaka. Hiyo ilikuwa kanuni ya Sikio. Kanuni yake ya pili ililetwa na trekta la jirani: tela zima, na mashine juu yake. Mzee hakukubali hata siku moja kununua gari la kuvuta bila kulivutisha.

Mwenye yadi alikuwa kijana mtanashati, miwani ya jua usoni asubuhi yote hiyo. "Shikamoo mzee! Shikamoo mama! Jamani, leo Sikio mwenyewe kaja kwangu." Waosha magari wakaacha ndoo zao wakasogea. Mama Magunzi akaona mabega ya mumewe yakinyooka kwa fahari, na akaona pia vidole vyake vikipapasa kitambaa cha suruali, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Kijana akawapeleka kwenye pikapu nyeupe iliyong'arishwa mpaka ukajiona ndani yake. Sikio akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi, vizuri. Akainama, akatazama chesisi kwa tochi. Safi.

"Iwashe," akasema.

Ikawaka mara moja. Na Mama Magunzi akasikia. Chini ya ule mngurumo mzuri, ndani kabisa, kitu kilikuwa kinagonga. Kijana alipokanyaga mafuta, kile kitu kiligonga kwa haraka zaidi. Kwa kubeba magunia mawili ya sukari mjini ingeenda tu. Kwa kuvuta mashine yao mlimani, injini ile isingemaliza msimu.

Akamtazama mumewe. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa vile vile mkewe alivyopenda, ila macho yalikuwa kwake yeye, yamemganda. Mama Magunzi akashtuka. Akawaza: hajasikia kitu, na anaogopa nimemgundua. Nikionyesha hapa kwamba nasikia asichosikia yeye, ataaibika mbele ya watu wote hawa. Basi akakaza uso. Akaona haitoshi, akatabasamu, lile tabasamu la kupigiwa picha ya harusi.

"Tunaichukua," akasema Sikio.

"Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima!" kijana akapiga makofi, na mkono ulishaingia mfukoni kutafuta ufunguo wa ofisi.

Tabasamu likamkaukia mama mdomoni. Akinyamaza, mashine imekufa. Akisema, anamwua mzee. Akashika kichwa. "Baba watoto, nasikia kizunguzungu. Nitoe nje kidogo." Hakuwa na kizunguzungu chochote, ingawa aliposema tu kikaanza.

Akamvuta mpaka nyuma ya tela, mashine ikawakinga wasionekane. Akasimama mbele yake, uso kwa uso, na hapo hapo akagundua kwamba siku hizi husimama hivyo kila anapotaka kusema naye.

"Injini ile inagonga," akasema.

Mzee akakunja nyusi. "Inagonga?"

"Inagonga kama mdai mlangoni."

"Sasa mbona ulitabasamu?"

"Tabasamu langu na injini vinahusiana nini?"

Sikio akageuza macho. Akaanza kukwangua kwa ukucha rangi nyekundu ya ile M ya Magunzi. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Kitambo sasa. Kitu kikilia vibaya unakunja hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake mwenyewe. "Huwa hukosei. Ile beringi, unadhani niliisikia? Nilikuona wewe umekunja. Leo nikakutazama, nikaona meno yote nje. Nikajua gari ni zima."

"Mimi nilikuwa nakufichia usiaibike," akasema Mama Magunzi.

"Na mimi nusura ninunue kopo kwa sababu ya meno yako."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akafuata, wakaiegemea mashine, wakacheka mpaka mama akafuta machozi kwa upindo wa khanga, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Watu wananiita Sikio," mzee akasema. "Hilo likiondoka, ninabaki nani?"

Mama alimkung'uta vumbi begani, ambalo halikuwepo, wakarudi ndani, na Sikio akamwambia kijana wanataka kuona nyingine kwanza.

Kule pembeni, nyuma ya matairi yaliyorundikwa, palikuwa na pikapu ya kijani iliyobonyea mlango. Kijana alisema hiyo hata hakuiosha, ni ya mkulima, imechoka. Sikio akaiendea. Boneti baridi. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana, na namba za kilomita kwenye dashibodi zilikuwa kubwa vile vile. "Hii haijadanganya umri wake," akasema. Chesisi ilikuwa na kutu ya juujuu, hakuna palipochomelewa. Maji ya rejeta hayakuwa na utando wa mafuta.

"Iwashe."

Ikakohoa, ikatema moshi mweusi kidogo, kisha moshi ukakatika. Mzee akafungua mfuniko wa oili, akaweka kiganja juu ya tundu kupima pumzi za injini. Haikupumua vibaya. Mama Magunzi naye, kwa kuwa sasa alijua kazi yake, alitaka kuifanya barabara. Akafumba macho ili asikie vizuri.

"Fumbua macho, mama watoto," Sikio akasema kwa sauti kubwa. "Sasa mimi nitasikiaje?"

Waosha magari wakatazamana. Kijana akavua miwani. "Mzee, unasikia kwa macho ya mama?"

Mama Magunzi alitaka kudakia, kutia mzaha, kusema lolote. Mzee akamwekea mkono begani.

"Masikio yangu yamekwisha, kijana," akasema. "Na ile nyeupe yako inagonga. Mke wangu kasikia. Kuanzia leo, mkitaka kununua gari hapa mtaani, muiteni yeye. Sikio ni huyu."

Hakuna aliyecheka. Kijana akasema, "Sawa, mama," na safari hii macho yake yalikuwa kwa mama.

Mama Magunzi akasikiliza, macho wazi, uso wazi. Mngurumo ulikuwa mzito na mmoja. "Chukua," akasema. Maelezo hakutoa.

Wakafunga tela kwenye ndoano ya pikapu, wakapanda mlima wa nyuma ya yadi. Katikati ya mwinuko Sikio akasimamisha gari kabisa, akashika breki, kisha akaachia klachi taratibu. Gari likatetemeka, likashika, likaondoka na mzigo wake wote, bila harufu ya kuungua. Mzee akapiga usukani kwa furaha kama kijana.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani akafunga breki ghafla, akaegesha pembeni, jasho likimtoka. "Nini? Nini kinalia?"

"Hakuna kinacholia."

"Umekunja uso!"

"Jua hilo, baba watoto. Jua linanipiga machoni. Endesha."

Akaendesha. Mama Magunzi akashusha kikinga jua. Alikumbuka malalamiko yake kwa dada yake, kwamba mwaka mzima mume hamsikilizi, anamkodolea macho tu. Akageuka upande wa dirisha kwa sababu alikuwa anakaribia kulia, na hakutaka mzee aegeshe tena.